Gari Lililokataa Kulala

Bibi harusi alikuwa tayari tangu asubuhi, shela limeshabanwa kichwani, na gari lililopaswa kumpeleka lilikuwa limekufa kama jiwe.

Nalo halikuwa gari la kubahatisha. Lilikuwa jeusi, refu, viti vya ngozi rangi ya maziwa, milango inayojivuta yenyewe ikafunga taratibu, na vitasa vilivyolala ndani ya bati, ambavyo vilichomoza vyenyewe mwenye ufunguo akikaribia, kama mtumishi anayekupokea kwa mikono miwili. Mwenye gari alikuwa dereva aliyeitwa Suti, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona nyuma ya usukani bila suti na tai. Alibeba maharusi na wageni wa makampuni. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Shela, alishona nguo za harusi katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Watu walizoea kuwachukua wote wawili kwa mpigo: mke akuvishe, mume akubebe.

Asubuhi hiyo Suti alilisogelea gari lake huku akijirekebisha tai. Vitasa havikuchomoza. Akabonyeza kitufe cha ufunguo. Kimya. Akachomoa kile kijiufunguo chembamba cha chuma kinachofichwa ndani ya ufunguo mkubwa, akafungua mlango kwa mkono kama watu wa zamani, akaketi. Dashibodi, ambayo siku zote iliwaka kama dirisha la duka kubwa, ilikuwa giza tupu.

"Tena?" Mama Shela aliuliza kutoka mlangoni, pini bado mdomoni.

Suti alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye usukani.

Walimwomba jirani mwenye lori la maji aje na nyaya, wakalishtua, likaamka bila hata kuona haya. Lakini walipofika, bibi harusi alikuwa ameshaondoka katika pikapu ya mjomba wake, ambayo juzi yake tu ilibeba unga. Mama Shela aliliona gauni lake mwenyewe, ambalo alilitunga shanga moja moja mpaka macho yakamwuma, likishuka kwenye pikapu na upindo mweupe zaidi kuliko alivyoushona. Alitabasamu kwa ajili ya bibi harusi. Moyoni alikuwa analia.

Haikuwa mara ya kwanza, wala ya pili. Suti alikuwa ameshalipeleka gari kwenye karakana ya kampuni iliyomuuzia, mahali penye sakafu inayong'aa na kompyuta kila kona. Fundi mkuu wa pale, bwana mmoja wa miwani, mpole, alibadilisha betri. Baada ya muda ikafa. Akabadilisha nyingine, safari hii akabaki na gari siku kadhaa, akalipima asubuhi na jioni. Mwisho alimwita Suti pembeni na kumwambia ukweli, jambo ambalo si kila fundi analiweza.

"Hapa kwetu linalala vizuri kabisa. Sioni cha kutibu, na sitaki kukubadilishia vitu kwa kubahatisha. Likikusumbua tena, nipigie."

Likasumbua tena. Na kila lilipokufa, lilichagua Jumamosi, siku ya harusi. Siku za katikati ya wiki, wageni wa makampuni walibebwa bila tatizo. Mama mzazi wa Suti alisema wazi kwamba gari hilo lina kijicho cha watu. Suti alicheka mbele ya mama yake, lakini Mama Shela alimwona jioni akilizunguka gari polepole, kana kwamba anatafuta mahali lilipoumwa.

"Nimwite mdogo wangu?" Suti aliuliza siku hiyo ya pikapu, baada ya kuvua koti na kulitupa kitini. Aliuliza huku anaangalia pembeni. Alijua anagusa penye kidonda.

Mdogo wake alikuwa fundi umeme wa magari, na mjini watu walimjua kwa jina la Bi Umeme. Alisomea kazi hiyo chuoni, akabaki hapo hapo kufundisha, kisha akachoka na vumbi la chaki, akafungua gereji yake. Sauti yake ilitangulia kufika kila anapokwenda. Yeye na Mama Shela walikuwa mawifi wasiogombana. Walisalimiana, wakaulizana hali, wakaishia hapo. Chanzo chake kilikuwa gauni.

Kwa ajili ya harusi yake mwenyewe, Mama Shela alimshonea wifi yake gauni la kijani kwa mikono yake, kama zawadi ya kuingia katika ukoo. Katikati ya sherehe basi la wageni likagoma kuwaka. Bi Umeme akatoka na gauni lake, akalala chini ya basi, akalitengeneza, akarudi kupiga picha upindo umechanika na oili imempanda mpaka kiunoni, anacheka. Picha ile ilikuwa bado ukutani sebuleni. Mama Shela hakuwahi kusema neno. Alichofanya ni kumsalimia wifi yake kwa nusu mdomo tangu siku hiyo, na nusu ile ikazoeleka.

Sasa aliufikiria ule upindo wenye unga.

"Mwite," alisema.

*

Bi Umeme alikuja kesho yake, akaweka sanduku la vyombo chini, na hakuligusa gari. Alivuta kiti.

"Haya, nisimulieni. Lilianza lini?"

"Wewe fungua boneti uangalie," alisema kaka yake.

"Kaka, hilo gari limeshafunguliwa na watu wenye vifaa kunizidi. Kama tatizo lingekuwa linakaa juu juu wangeliona. Nisimulie."

Basi Suti akasimulia, na Mama Shela, aliyekusudia kukaa jikoni, akajikuta amesimama mlangoni anasikiliza. Hakuwahi kumsikia wifi yake akiuliza namna ile. Aliuliza swali, akanyamaza, akasubiri jibu liishe. Lilikuwa limeegeshwa wapi? Nani aliingia ndani? Simu ilichajiwa humo? Milango ilifungwa kwa kitufe au ilijifunga? Suti alipojibu ovyo, alimrudisha taratibu kwenye swali, bila kumkaripia.

Kisha akalichukua gari, akakaa nalo gerejini kwake. Siku chache baadaye akapiga simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepata zawadi asiyoitaka.

"Linalala kama mtoto mchanga aliyeshiba," alisema. "Nimempigia yule bwana wa miwani. Mtu muungwana sana, amenisomea kila kipimo alichochukua, hakunificha kitu. Vipimo vyake na vyangu vinafanana. Kwa hiyo tusilisumbue gari tena. Gari ni zima."

"Zima vipi na linaniumbua kila Jumamosi?"

"Linalala kwake, linalala kwangu, kwako halilali. Basi kinacholikesha kiko nyumbani kwako, kaka. Ijumaa nakuja kushinda."

*

Ijumaa alifika na gari, mkoba wa vyombo, kiti cha kukunja na kofia pana. Alitoa masharti kama mwalimu wa zamu: kila mtu aishi kama anavyoishi Ijumaa zote, asibadilishe chochote.

"Wifi, fanya kazi zako kama vile mimi sipo."

"Nitafanyaje kama vile hupo na umejaa mlango mzima?" alisema Mama Shela, na ikawatoka wote wawili kicheko ambacho hawakukipanga.

Suti aliosha gari kama kawaida yake ya Ijumaa, akalirudisha chini ya kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wa chumba cha kushonea. Bi Umeme akafungua boneti na mlango mmoja, na kwa ncha ya bisibisi akabonyeza komeo la kila kimoja likajifunga lenyewe kwa lenyewe, ili gari lidhani limefungwa kote huku yeye bado anaona ndani. Akachukua mita ya kupimia umeme yenye mdomo kama koleo, akaubana nayo waya mnene unaotoka kwenye betri, bila kuukata wala kuuchomoa. Akaiweka mahali ambapo angeweza kuisoma akiwa kitini.

"Sasa wewe kaka, chukua ufunguo wako, nenda mjini. Kwa miguu. Usirudi mpaka nikuite."

"Nifanye nini mjini?"

"Tembea. Tumbo hilo litakushukuru."

Suti alipoondoka, Mama Shela alitoka na kusimama karibu. "Sasa unafanya nini?"

"Nasubiri lilale." Bi Umeme alishusha sauti, kama kweli kulikuwa na mtu anayesinzia. "Gari za siku hizi hazizimwi, wifi. Wewe unazima injini, lakini ndani mna kompyuta nyingi, kila moja na kazi yake. Ya milango, ya viti, ya redio, ya taa. Ukiondoka zinaanza kwenda kulala moja moja. Ikilala ya mwisho, gari linatumia umeme kidogo sana, linaweza kukaa wiki nyingi. Ikibaki hata moja macho, inaziamsha nyingine, na zote zinakula betri. Mpaka asubuhi zimeimaliza."

"Na ukijua ni ipi?"

"Kazi ni kujua. Ukichomoa fyuzi kwa pupa unaziamsha zote, halafu hujui tena nani alikuwa macho na nani umemwamsha wewe. Kwa hiyo mtu unakaa tu."

Akakaa. Mama Shela alirudi ndani kwenye kazi yake, gauni la bibi harusi wa kesho, lenye mkia mrefu uliohitaji kupindwa pande zote. Kila alipoinua macho alimwona wifi yake dirishani. Mwanamke yule ambaye sauti yake iliweza kuamsha mtaa alikuwa ametulia kama kitambaa kilichopigwa pasi. Hakushika simu. Hakusimama kujinyoosha. Jua liliposogea, alisogeza kofia, macho yakabaki pale pale kwenye mita. Mama Shela alijua kukaa. Kazi yake yote ilikuwa kukaa. Alijua mgongo unavyouma, na namna akili inavyotaka kukimbia kila baada ya mishono kadhaa na inavyobidi kuirudisha. Hakuwahi kufikiri kwamba chini ya magari kuna ukaaji wa namna hiyo. Akamwangalia kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia, mpaka sindano ikatoka nje ya mstari na ikambidi afumue.

"Linashuka," Bi Umeme alisema nje, polepole. Baadaye kidogo: "Limeamka."

"Nani kaliamsha?"

"Sijui."

Paka wa jirani alikuwa amejilaza juu ya ukuta wa mbali. Fundi mwingine angeshamtupia lawama. Bi Umeme alimtazama paka, akaitazama mita, akatikisa kichwa. Paka hajasogea, basi paka hahusiki. Mita ikapanda, ikatulia juu, ikakataa kushuka. Asubuhi ikaenda hivyo.

Mama Shela alileta chai na mkate, akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa. Wakanywa kwa kunong'ona, kama wanafunzi wanaokula darasani.

"Ile gauni ya kijani," Bi Umeme alisema ghafla, macho bado kwenye mita. "Ninayo."

Mama Shela alishusha kikombe. "Iliyochanika?"

"Niliishona mwenyewe. Vibaya, aibu tupu, upindo umekwenda kama njia ya mlevi. Kila mwaka nasema nitakuletea uitengeneze, halafu nakumbuka uso wako siku ile kwenye picha, naogopa."

"Wewe? Unaogopa?"

"Lori la tani kumi siliogopi. Wewe nakuogopa."

Mama Shela alitaka kusema kwamba miaka yote alidhani lile gauni lilitupwa, kwamba kilichomuuma hakikuwa kitambaa bali kudhani kimedharauliwa. Alisema, "Ilete," na wifi yake akaitikia kwa kichwa, na kwa mawifi wale wawili hilo lilitosha.

"Ona," alinong'ona Bi Umeme. "Limeshuka. Limelala lenyewe, hakuna aliyeligusa."

Mama Shela alikusanya vikombe, akarudi ndani, akakanyaga pedali ya cherehani.

"Aa! Limeamka tena!"

Alishona mkia mpaka mwisho wa pindo, akaacha mashine, akachukua sindano ya mkono kutunga shanga za kiuno. Kazi ya shanga ni ya kimya, na katika ukimya ule alisikia wifi yake akisema, baada ya kitambo, kwamba mita inashuka. Alimaliza safu ya shanga. Akarudi kwenye cherehani.

"Limeamka!"

Mguu wa Mama Shela ulibaki juu ya pedali. Kitu kilimpita akilini, akakiona cha kipuuzi, akataka kukiacha. Lakini alikuwa amemwona mtu akikaa asubuhi nzima bila kuacha hata paka apite bila kuulizwa. Naye akakaa. Alisubiri mikono mitupu, bila kushona, bila kusogea.

"Wifi, likoje?"

"Linashuka… linashuka. Limelala."

Hakuweka kitambaa wala uzi. Alikanyaga pedali tu, mota ikanguruma, meza ikatetemeka.

"Wifi, na sasa?"

Nje kiti cha kukunja kikaanguka, na Bi Umeme akatokea dirishani, kofia imeenda upande.

"Rudia," alisema.

Walirudia mpaka hawakuwa na shaka. Kila mara iliwabidi wangoje gari lilale, na kila mara cherehani ilipokanyagwa, lilizinduka. Mama Shela alikuwa tayari ameshika kichwa, anasema gari limeuawa na cherehani yake, kumbe ni yeye anayemharibia mumewe kazi. Bi Umeme hakumsikiliza. Aliingia chumbani, akasimama katikati, akageuka polepole akitazama kila kitu: meza ya cherehani iliyobanwa ukutani, na juu yake ubao uliopigiliwa ukuta ule ule, na misumari iliyotundikwa mikasi, utepe wa kupimia, na kitu cheusi cha kung'aa.

"Huu ni wa nini?"

"Ufunguo wa akiba wa gari. Unakaa hapo kwa sababu hapa ndipo ninaposhinda. Hauwezi kupotea."

Bi Umeme aliketi sakafuni, palepale kwenye vipande vya kitambaa, akacheka mpaka akafuta machozi.

"Kanyaga," alisema. Cherehani ikanguruma, na ubaoni mikasi ikagongana, na ufunguo ukacheza juu ya msumari wake kama kifaranga. "Wifi, ufunguo huu nao unalala. Ukitulia mezani, unalala, gari halijui kama upo. Ukitikiswa, unaamka, unafikiri umo mfukoni mwa mtu anayetembea. Gari liko hapo nyuma ya ukuta, linausikia. Linasema, bwana mkubwa anakuja, linaamsha kila mtu ndani ampokee. Bwana mkubwa haji. Wewe unamaliza mshono, linaanza kulala. Unashika mshono mwingine, bwana mkubwa anakuja tena. Siku nzima!"

Mama Shela aliiona picha yote kwa mara moja. Jumamosi. Siku zote Jumamosi, kwa sababu Ijumaa ndiyo siku ya kumalizia magauni, siku ambayo cherehani haipumui, na gari limeoshwa na kuegeshwa likingoja kesho. Gerejini hakukuwa na ufunguo wa akiba. Kwa bwana wa miwani pia haukuwepo.

Alidhani kazi imekwisha. Alianza kufunga vyombo vya wifi yake.

"Weka chini," alisema Bi Umeme. "Sijaamini."

"Hujaamini nini tena? Umecheka mpaka umelia!"

"Nimecheka kwa sababu ni hadithi nzuri. Hadithi nzuri inaweza kuwa ya uongo. Huenda ni mota ya cherehani ndiyo inayolikera gari, ufunguo umesingiziwa."

Akaupeleka ufunguo kwa jirani wa nyumba ya tatu, akarudi kitini kwake, akaomba cherehani ikanyagwe kwa nguvu zote. Gari likalala fofofo. Akaurudisha ufunguo, akaulaza juu ya mto sakafuni, pale pale nyuma ya ukuta, cherehani ikanguruma. Gari likaendelea kulala. Akaugusa kwa kidole tu, akautikisa kidogo. Mita ikaruka. Akautundika tena kwenye msumari wake ili ugonjwa urudi kama ulivyokuwa, ukarudi. Akauondoa, ukaondoka. Mama Shela alikanyaga kila alipoambiwa kanyaga na kuacha kila alipoambiwa acha, na jambo lililomshangaza kuliko yote ni kwamba hakuchoka. Alikuwa ameona mafundi wengi wanaoshukuru Mungu gari likiwaka tu na kukimbia nalo. Huyu alikuwa anauvunja ushindi wake mwenyewe vipande vipande, kwa mikono yake, kuona kama utasimama tena.

Ulisimama kila mara. Ndipo Bi Umeme akavua kofia.

"Sasa naamini."

Suti alirudi viatu vimejaa vumbi, akasimuliwa, kisha akamgeukia mkewe. "Kumbe ni wewe na cherehani yako!"

"Nani aliutundika ufunguo pale?" aliuliza mdogo wake.

Suti akatazama ubao. Akatazama misumari, ambayo aliipiga kwa mkono wake mwenyewe. "Ulikuwa unapotea," alisema kwa sauti ndogo.

"Basi nyamaza. Na uelewe vizuri, kaka. Mimi nilikuwa naitazama mita, macho mawili kwenye mita. Mwenzangu ndiye aliyenyamazisha cherehani akasubiri. Asingesubiri yeye, ningekuwa bado namuuliza paka."

Mama Shela aliinamisha uso kwenye shanga zake, asionekane alivyofurahi.

*

Ufunguo wa akiba ulihamia kabati la jikoni, nyuma ya nyumba. Bi Umeme hakuwaambia kwamba gari limepona. Alisema wafanye Ijumaa mbaya kuliko zote, kisha wamwambie. Wiki ile maharusi walifuatana, na Mama Shela alishona tangu asubuhi mpaka mikono ikawa mizito, mikasi ikigongana ubaoni, gari likiwa nyuma ya ukuta. Jumamosi Suti alitoka na suti ya kijivu, akalisogelea gari kwa hatua za mtu anayeingia kumwona mgonjwa. Vitasa vikachomoza. Alisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akampigia mdogo wake simu, na badala ya kusema asante akaishia kumtajia rangi ya maua yaliyokuwa yamefungwa mbele ya gari.

Bi Umeme naye alimpigia bwana wa miwani na kumweleza yote, tangu ubao mpaka paka. Bwana yule alicheka, akauliza maswali mengi sana, kisha akaanza kumwelekeza kwake wateja wenye magari yaliyomshinda. Hakuona tabu kusema kwamba yamemshinda, na Bi Umeme alimsifu kwa hilo kuliko kwa jambo lolote.

Mojawapo ya magari hayo lilimfanya ampigie wifi yake simu.

"Una nafasi Jumatano? Nataka mtu anayejua kukaa. Hawa wangu wa gerejini kila mmoja ana makalio ya moto."

Mama Shela alikwenda na kikapu cha shanga na shela la kutunga kwa mkono. Hakuwahi kufika gerejini pale. Alikuta ukuta umepangwa nyaya kwa rangi, kama yeye alivyopanga nyuzi zake, sakafu imefagiwa, na gari jeupe la thamani kubwa limefungua boneti katikati. Mwenye gari, mzee mmoja mwenye haraka, alikuwa anazunguka huku na huko.

"Haya, fundi, tatizo ni nini?" aliuliza kwa mara nyingine tena. "Niambie tu, ni betri?"

"Sijui bado," alisema Bi Umeme.

Aliyasema maneno hayo kwa sauti yake kubwa, wazi, mbele ya mafundi wake wote, bila haya na bila kujitetea. Mzee akatafuta pa kukaa. Mama Shela alivuta kiti cha kukunja karibu na mita, mahali ambapo angeiona vizuri, akalitandaza shela mapajani, na akamtazama wifi yake akijifuta mikono kwa kitambaa na kuketi upande wa pili. Alitia uzi sindanoni, nao wakaanza kusubiri.